Kichwa Kwanza, Brashi Baadaye

Ukiingia saluni ile kutoka barabarani, kiti chake ni cha tatu, kile kilicho jirani na sinki. Huwezi kukikosea, kwa sababu ndicho kiti pekee ambacho mteja hulala usingizi. Kwenye viti vingine watu hukunja nyuso na kushika mikono ya kiti kama wamekwenda kung'olewa jino. Kwenye kiti cha tatu watu hukoroma. Yuko karani mmoja wa posta, mama mnene mwenye heshima zake, ambaye akikaa pale hukoroma mpaka draya yenyewe inaona haya.

Mwenye kiti hicho anaitwa Shangazi Polepole. Ushangazi alipewa na watoto wa wateja. Upolepole alipewa na msusi wa kiti cha pili, dada mwenye vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi, ambaye wenzake nao wamemwita Chapuchapu.

"Ukikaa kwa Shangazi," Chapuchapu huwaambia wateja, "aga nyumbani kabisa. Waambie chakula chako wakifunike."

Shangazi hujibu bila kugeuka: "Na ukikaa kwake yeye, aga nywele zako."

Kisha hucheka wote wawili, maana ni watu wanaopendana, na mwenye njaa mchana hula kwenye bakuli la mwenzake bila kuomba.

Sasa, huo upolepole wake si wa uvivu. Shangazi ana droo moja yenye vitu saba: chanuo la meno mapana, kitana chenye mkia mrefu wa kugawia mistari, brashi laini ya manyoya, brashi bapa yenye pini zilizoachana juu ya mpira, brashi za duara mbili, nene na nyembamba, na chanuo jingine la mbao ambalo hamwazimi mtu. Lakini ukikaa, haendi kwenye droo. Anasimama nyuma yako na kutia vidole kichwani. Anachukua unywele mmoja uliotoka wenyewe, anauvuta taratibu aone kama unarefuka na kurudi au unakatika papo hapo. Anauviringisha kati ya vidole viwili apime unene wake. Anapapasa panja, maana pale ndipo nywele huanza kukimbia. Halafu anauliza: "Mwezi uliopita ulikuwa umesuka nini? Na leo unataka kutoka hapa na nini?"

Ukishajibu ndipo droo inafunguka. Nywele za kipilipili anazilowesha, anazipaka mafuta, anaingia na chanuo la meno mapana kuanzia nchani, kidogo kidogo, akipanda kuelekea kwenye mzizi. Nywele za dawa, zile zilizolainishwa, anazisubiri zikauke kiasi, kwa sababu zikilowa huwa dhaifu kama uzi wa pamba, kisha anashika brashi bapa. Mtoto mdogo, au mtu mzima mwenye nywele nyembamba, ni brashi ya manyoya. Akiulizwa kwa nini asichague moja akamaliza kazi, husema, "Kichwa kwanza, brashi baadaye. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Na nywele vilevile."

Hakuzaliwa akijua. Alipokuwa na miaka kumi na sita alimchana mdogo wake wa kike asubuhi ya kupigwa picha shuleni. Nywele kavu, brashi ngumu ya baba yao, na gari la mpiga picha limeshafika. Alivuta kutoka kwenye mzizi kwenda chini, akasikia sauti kama majani makavu yakikanyagwa, akaendelea kuvuta. Panja la kushoto la yule mtoto lilibaki jeupe kama kiganja, na lilichukua mwaka mzima na nusu kuota. Mdogo wake hakumsema kwa mama. Alifunga kitambaa, akakaa nacho darasani, akachekwa. Siku moja tu ndiyo alimwambia, "Dada, ungeniuliza kama naumia." Tangu hapo Shangazi anauliza.

Kiti cha tatu amekishika miaka kumi na minane. Kimesomesha watoto wake wawili, kimemfikisha alipofika. Hana kiti kingine popote, na kwa umri wake saluni mpya zinataka mabinti. Mlielewe hilo vizuri, ndugu zangu, kabla sijaendelea, kwa sababu hicho kiti ndicho kilichotaka kumponyoka.

Mwenye saluni wa zamani alichoka, akauza. Aliyenunua alikuwa mama mmoja mchapakazi aliyetajirika kwa duka la rangi na vifaa vya ujenzi. Hakuwa mtu mbaya. Alisalimia kila mtu, akatengeneza bomba la sinki lililokuwa likivuja tangu enzi na enzi, akatundika saa kubwa ukutani. Wiki ya pili akaja na maboksi mawili. La kwanza lilikuwa na brashi ngumu za duara, zote za aina moja, zinang'aa. La pili lilikuwa na mataulo meusi.

"Kuanzia leo," akasema, "brashi ya saluni hii ni moja. Draya, brashi, kichwa kimenyooka, mteja anasukwa. Nusu saa ya kuchana, isizidi. Na haya mataulo meupe muyatoe, yanaonyesha uchafu."

"Bosi," akasema Shangazi, "brashi moja kwa vichwa vyote?"

"Mama, mimi nimeuza brashi miaka ishirini. Brashi moja inapaka nyumba nzima, ndani na nje."

"Nyumba hailii, Bosi."

Chapuchapu akajifanya anakohoa. Bosi akacheka pia, kwa adabu, na wote wakadhani yameisha.

Hayakuisha. Siku ya tatu akaja mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwenye nywele za kipilipili nzito kama msitu, ametoka kufumua misuko ya miezi miwili. Shangazi akampapasa, akavuta unywele, akamlowesha, akashika chanuo lake la meno mapana. Alikuwa hajafika hata robo ya kichwa Bosi aliposimama pembeni na kuitazama saa.

"Brashi yetu iko wapi?"

"Iko kwenye droo."

"Itumie."

"Kwenye kichwa hiki siitumii."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kitaharibika. Nywele hizi zimefungwa miezi miwili, zimeshikana. Nikizikausha nikazivuta kwa ile brashi, nusu zitabaki mkononi."

Mwalimu alikuwa akisikiliza kwenye kioo, macho yakienda huku na huku kama mtu anayetazama mchezo wa tenisi. "Jamani," akasema, "hicho kichwa mnachokizungumza ni changu."

"Ndiyo maana nakitetea," akasema Shangazi.

Bosi hakupandisha sauti. Alingoja mwalimu aondoke, akamwita Shangazi stoo, kule kwenye ndoo na chupa za shampuu. "Nakuheshimu, mama. Lakini saluni haiwezi kuwa na sheria mbili. Mpaka Jumamosi. Jumamosi ukiwa bado hutumii brashi yetu, kiti namkabidhi mwingine. Msusi wa kiti cha kwanza alibisha, unaona yuko wapi."

Wa kiti cha kwanza hakuwepo tena. Kiti chake kilikuwa kimewekewa maboksi.

Jioni wakati wa kufagia, Chapuchapu alimvuta pembeni. "Shangazi, tafadhali. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji."

"Zangu zimelowa siku nyingi, mwanangu. Aje anyoe."

"Unatania, na mimi nasema kweli! Shika tu hiyo brashi mbele yake. Akitoka, rudia chanuo lako. Mimi ndivyo ninavyofanya."

"Na akikaa kutwa nzima, nywele za watu zingoje atoke?"

Chapuchapu akaendelea kufagia, na hapo ndipo Shangazi akaona kitu. Chini ya kiti cha pili fagio lilikokota rundo la nywele, rundo nene kuliko alivyozoea. Kwenye taulo jeusi la kiti kilekile haukuonekana hata unywele mmoja. Akaliokota lile taulo, akalikung'utia juu ya karatasi nyeupe. Vikashuka vipande vifupi, vingi, kama ndevu za mtu aliyenyoa.

Kesho yake Shangazi alikuja na shuka jeupe la nyumbani alilolikata vipande vinne na kupindia kingo kwa mkono. Kila mteja aliyekaa kiti cha tatu alitandikiwa kipande kimoja mabegani. Akimaliza kuchana, alikikunjua mbele ya mteja.

"Tazama. Huu mrefu, una kijidoa cheupe mwishoni. Huu umetoka na mzizi wake, ulikuwa umeshamaliza siku zake. Kila kichwa huangusha hivi kila siku, usiogope. Lakini ukiona kipande kifupi kisicho na kijidoa, huo haukutoka. Huo umekatwa. Hapo muulize msusi wako ametumia nini."

Hakuwasema wenzake. Hakutaja brashi ya mtu. Lakini watu wana macho. Kufika Alhamisi, mteja wa Chapuchapu akasema, "Na mimi nitandikie jeupe." Chapuchapu akamtazama Shangazi kwenye kioo, Shangazi akamtupia kipande. Mteja alipokiona kilichoanguka mabegani mwake, alijishika panja kwa vidole viwili, kama mtu anayepapasa mfuko na kukuta pochi haipo.

Ijumaa Bosi aliyakuta yale mashuka. Aliyatazama tu, akatazama saa, akaondoka. Chapuchapu akasema, "Leo amenyamaza. Kesho ni kunyoa au kusuka."

Jumamosi saluni ilijaa. Wengine walikaa kwenye benchi, wengine walisimama mlangoni. Karani wa posta alikuwepo akingoja zamu, ameshaanza kusinzia. Shangazi alikuwa anamalizia kumchana binti mmoja mwenye nywele nyembamba, brashi ya manyoya mkononi, Bosi alipokuja moja kwa moja na kulinyofoa lile shuka jeupe mabegani mwa binti.

"Sasa basi! Unawatisha wateja wangu ndani ya nyumba yangu. Chagua hapa hapa. Taulo letu na brashi yetu, au kiti."

Draya zote zikazimwa, moja baada ya nyingine. Shangazi alimalizia mikono miwili mitatu kwenye panja la yule binti, akamwambia, "Tayari, mwanangu, nenda salama," akamsaidia kushuka. Kisha akalichukua shuka lake kutoka mkononi mwa Bosi, polepole, kama anavyochukua kila kitu. Akafungua kilemba chake.

Mle ndani hakuna aliyewahi kuona nywele za Shangazi. Zilikuwa nyingi, nyeusi zenye mvi zilizotapakaa kama chumvi, za kipilipili, zimejaa mpaka mabegani. Akajitandikia shuka, akakaa kwenye kiti chake mwenyewe.

"Brashi ni yako, Bosi, na kiti ni chako. Kichwa ni changu. Nichane. Nusu saa. Ukimaliza, mimi mwenyewe nitaichukua brashi hiyo na kuitumia kwa kila atakayekaa hapa."

"Kinyozi hajinyoi," akanong'ona karani wa posta, macho yakiwa wazi sasa kama taa.

Bosi akageuka. "Chapuchapu, njoo umchane."

"Bosi, mkono wangu unaniuma."

"Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi."

Kuna mtu alicheka kwenye benchi, akajizuia. Bosi hakuwa mtu wa kurudi nyuma mbele ya watu. Hakujenga duka kwa kurudi nyuma. Akachukua brashi mpya, akawasha draya, akaitia brashi juu ya utosi wa Shangazi na kuvuta.

Brashi haikwenda. Akavuta tena kwa nguvu. Sauti yake mlioisikia hamwezi kuisahau, na ninyi msioisikia nawaambia: kijiti kikavu, kimevunjwa ndani ya kitambaa. Kichwa cha Shangazi kilirudi nyuma, kikasimama. Hakufumba macho. Alikuwa akimtazama Bosi kwenye kioo.

Mkono wa tatu, wa nne. Vipande vikaanza kushuka juu ya shuka, vyeusi na vyeupe. Mkono wa tano brashi ikajisokota na kunasa, na ilipochomoka ilitoka na kishungi kizima cha nywele.

"Endelea, Bosi," akasema Shangazi. "Bado una dakika ishirini na saba."

Bosi alivuta mara mbili zaidi. Halafu mkono ukasimama hewani. Draya iliendelea kunguruma bila kumpulizia mtu, mpaka Chapuchapu akanyoosha kidole kimoja akaizima.

"Kwa nini hupigi kelele?" akauliza Bosi. Sauti ilikuwa ndogo.

"Mteja hapigi kelele. Anakaa kama nilivyokaa mimi, anasema asante, anakwenda kufunga kitambaa nyumbani kwake. Wewe hutamwona tena, na utadhani amehama mtaa."

Bosi aliitazama brashi. Akajaribu kuzitoa nywele zilizonasa, akashindwa, akaiweka mezani. "Zitaota?"

"Zitaota. Baada ya mwaka hivi."

Bosi akaenda stoo, akafunga mlango. Hakusema ubaki, hakusema uende. Shangazi akainuka, akafunga kilemba, akakunja shuka lile pamoja na vilivyomo, akatandika jingine safi.

"Nani anafuata?"

"Mimi," akasema karani wa posta, "ila leo nadhani usingizi hautanijia."

Jumapili ile Shangazi aliipitisha vibaya. Kishungi kilikuwa kimetoka karibu na utosi, nafasi ya kutosha kidole gumba, na ngozi ilimuwaka. Mwanawe mkubwa alimwambia asirudi, asijidhalilishe. "Sikufukuzwa," akasema. "Na mtu ambaye hajafukuzwa Jumatatu huenda kazini."

Akaenda. Alifika wa kwanza. Kiti cha tatu kilikuwepo mahali pake. Juu yake kulikuwa na taulo jeusi lililokunjwa vizuri, na juu ya taulo, ile brashi ngumu ya duara, imesafishwa, haina unywele. Chapuchapu alipoingia na kuviona, alishika kiuno. "Huyu mama ana kichwa kigumu! Utafanyaje?"

"Nitamngoja mteja."

Mteja wa kwanza alikuwa dada aliyekuwa na usaili wa kazi asubuhi ileile. Nywele zake zilikuwa za dawa, ndefu, nene, zenye afya. Alitaka zinyooke na ncha zijikunje ndani mabegani. Shangazi akapapasa, akavuta unywele mmoja, ukarefuka ukarudi. Akaosha, akazifuta kwa kuzikamua tu bila kusugua, akazikausha kwa draya na brashi bapa mpaka zikabaki na unyevu kidogo. Kisha akanyoosha mkono, akaichukua brashi ya saluni.

Chapuchapu aliacha kitana hewani. Bosi, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa stoo bila watu kujua amesimama tangu lini, akasogea.

Brashi ilizunguka, draya ikaifuata kwa nyuma, na nywele zikateleza juu yake kama kitambaa cha hariri kwenye meza ya fundi. Mkunjo ukakaa. Mwingine ukakaa. Mkono wa Shangazi ulikwenda mwepesi kuliko wa Chapuchapu.

"Ulisema hutaitumia," akasema Bosi.

"Nilisema siitumii kwenye kichwa kile. Hiki kinaitaka."

"Kumbe unaijua."

"Nilikuwa nazo mbili ndani ya droo kabla hujaja. Nisingekuwa naijua, ningeikubali siku ya kwanza."

Bosi alitazama saa ukutani, kwa mazoea tu. "Itachukua muda gani?"

"Hiki, nusu saa yako itabaki na chenji. Kinachofuata kinaweza kula asubuhi nzima. Siwezi kukwambia mpaka nikishike."

"Na utajuaje kwa kushika?"

Shangazi akautoa unywele mmoja uliobaki kwenye brashi, akamwekea Bosi kwenye kiganja. "Vuta. Usiunyakue. Vuta uone kama unarudi."

Bosi akavuta. Uso ulikuwa bado umekaza, wa mtu asiyependa kuelekezwa ndani ya mlango wake mwenyewe. Akavuta tena. "Yale mashuka yako bado siyataki," akasema.

"Najua, Bosi. Nimeleta sita."

Yule dada wa usaili akainua macho kwenye kioo, akamtazama huyu, akamtazama yule. "Jamani, mimi naingia kwa watu saa nne. Kama mnagombana, mngenisubiri nitoke."

"Inamisha kichwa, mwanangu," akasema Shangazi, akauzungusha mkunjo wa mwisho. "Hatugombani. Bosi anajifunza kazi."